Sura ya Sita: Maumivu Yasiyo na Kovu

Wazee wengi wa Kisii na Nyamira bado wanamkumbuka omobari omotwe, fundi wa kupasua kichwa. Mtu alipigwa rungu katika ugomvi au akaanguka kutoka juu ya mti. Jeraha likapona, lakini kichwa kikaendelea kumuuma mwezi baada ya mwezi. Dawa za miti zikashindwa. Ndipo jamaa zake walipompeleka kwa omobari. Ndugu walimshika sawasawa, kwa kuwa siku hizo hakukuwa na sindano ya ganzi. Omobari alikata ngozi ya kichwa kwa kisu, akaifungua, kisha akaanza kuukwangua mfupa kwa chombo cha chuma chenye ncha iliyopinda. Alikwangua kidogo kidogo, akipangusa damu na kutazama, hadi utando unaofunika ubongo ulipoanza kuonekana chini ya mfupa. Hapo ndipo ustadi wake wote ulipopimwa, maana utando ule ukichanika, mgonjwa yumo hatarini kufa. Mwisho alikifunika kidonda, akakifunga, na mgonjwa akauguzwa nyumbani.

Hizi si hadithi za kando ya moto tu. Mwaka 1958 daktari J. G. Grounds aliandika juu ya upasuaji huu katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Edward Margetts, daktari Mkanada wa magonjwa ya akili aliyeongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi miaka ya 1950, aliufuatilia kwa muda mrefu na kuuandikia kwa kirefu. Mwaka 1985 daktari wa upasuaji David Furnas na wenzake walichapisha taarifa nyingine kuhusu mafundi wa Gusii, na hata wakati huo kazi ilikuwa bado haijakoma. Walioichunguza walistaajabu kuona wagonjwa wengi kiasi hicho wakitoka humo wakiwa hai.

Sitaki mtu yeyote arudi kwenye kisu kile. Kilihusu hasa maumivu yaliyofuata jeraha la kichwa, kilikuwa na hatari kubwa, na leo tuna njia bora. Naanza nacho kwa sababu ya kile kilichotangulia kukatwa kwa ngozi. Mtu alisema kichwa kinamuuma, na ukoo mzima ukamwamini. Hapakuwa na picha ya kuonyesha wala kipimo cha damu. Neno lake lilitosha kuwafanya ndugu waache kazi zao, walipe, na wamshike mikono.

Imani hiyo ndiyo iliyopungua kazini kwetu. Mwalimu anayefumba macho kwa sababu mwanga unamchoma huitwa mvivu. Mchuma chai anayeacha mstari katikati ya asubuhi huambiwa anadeka. Mchongaji ambaye vidole vyake vimekufa ganzi huulizwa alikuwa wapi jana usiku. Sura hii ni ya watu hao, na ni ya wanaowaandika kazi. Dai langu ni moja: maumivu sugu yasiyoonekana yanaweza kuishi pamoja na kazi, mradi mgonjwa aaminiwe mapema na kazi ipangwe kwa kuyazingatia. Kujikaza peke yake hakutoshi.

Asubuhi moja kwenye majani ya chai

Nyanchwa ni mlima ulio ubavuni mwa mji wa Kisii, na jina lake limefungamana na Waadventista wa Sabato waliojenga misheni hapo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kuna kanisa, kuna shule, kuna walimu wengi kwa kila hatua. Ukitoka hapo kuelekea Nyamira unaingia kwenye chai: Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore. Ukielekea Tabaka unakuta mawe ya kuchonga. Kazi hizi tatu hazifanani, ila zote zina jambo moja: mwili ndio kitendea kazi, na siku ya kukosa ni siku isiyo na malipo au yenye maneno.

Mtazame mchuma chai. Ameamka kabla ya alfajiri, amewaandalia watoto uji, yeye mwenyewe ameondoka bila kula ili awahi umande. Kikapu kimefungwa mgongoni, shingo imeinama, vidole vinachuma majani mawili na chipukizi. Kwenye saa nne jua linapasua mawingu, na majani yaliyolowa yanaurudisha mwanga machoni. Mara kitu kama kamba ya mwanga uliokunjamana kinacheza pembeni mwa jicho la kushoto. Anapepesa, hakitoki. Kinatanuka. Baada ya dakika ishirini hivi kinapotea, na sasa upande mmoja wa kichwa unaanza kupwita kwa kufuata mapigo ya moyo. Harufu ya moshi kutoka jikoni la jirani inamtia kichefuchefu. Analipwa kwa kilo, na kikapu hakijafika nusu. Kwa hiyo anaendelea. Saa sita anatapika kando ya njia, na majani aliyochuma hayafiki kituo cha kununulia kwa wakati.

Hicho ni kipandauso, na kila kipande cha asubuhi hiyo kinaeleweka.

Kinachotokea kichwani

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo wenye mashambulio yanayokuja na kuondoka. Ulimwenguni kinamsumbua mtu mmoja katika kila watu saba hivi, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa homoni za hedhi. Kisipotibiwa, shambulio la mtu mzima hudumu saa 4 hadi 72. Maumivu mara nyingi huwa upande mmoja, hupwita, na huzidi mtu anapopanda ngazi au kuinama. Kichefuchefu huja nayo, na mwanga na sauti huwa adui.

Ile kamba ya mwanga ni dalili ya utangulizi. Si wote wanaoipata. Inatoka kwenye wimbi la umeme linalosambaa taratibu juu ya ubongo, na kwa kawaida hudumu dakika 5 hadi 60. Kisha neva kubwa ya uso na utando wa ubongo huanza kumwaga kemikali zinazochochea maumivu. Tumbo nalo hupunguza mwendo, ndiyo maana kidonge kinachomezwa kwa kuchelewa hukaa tu tumboni bila kufika kinakohitajika.

Mwelekeo wa kupata kipandauso hurithiwa. Anayeupata hakujiletea kwa mawazo mengi, na harogwi. Ila ubongo wake hauvumilii mabadiliko ya ghafla: kukosa mlo, kukosa usingizi, kulala kupita kiasi siku ya mapumziko, kiu, mwanga mkali, siku za hedhi. Mchuma chai wetu alikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja: njaa, usingizi mfupi na mwanga.

Kanda hii inaongeza jambo lake. Tunalima chai na kahawa, na wakati huo huo mafundisho ya afya ya Waadventista huwataka waumini waepuke vinywaji hivyo. Kwa mwenye kipandauso pande zote mbili zina somo. Aliyezoea vikombe vingi vya chai ya rangi akiacha kwa siku moja anaweza kuumwa kichwa vibaya kesho yake, kwa sababu mwili unadai kafeini yake. Anayetaka kuacha apunguze kikombe kimoja kimoja kwa wiki kadhaa. Na siku ya kufunga na kuomba, mwenye kipandauso azungumze na mchungaji wake mapema. Kukosa mlo ni moja ya vichochezi vinavyojulikana sana, na mtu anaweza kuomba akiwa amekula.

Neva zinapowaka bila moto

Maumivu ya neva ni jambo lingine, japo wakati mwingine yanamkaa mtu yule yule. Kwa kawaida neva hupeleka habari: hapa pamekatwa, hapa pana moto. Neva ikiumia, hupeleka habari hizo hata pasipo jeraha lolote. Ndipo mtu anaposema nyayo zinawaka, au kuna sindano mguuni, au amepigwa shoti ya umeme kutoka kiunoni hadi kisigino. Shuka likigusa ngozi linauma. Saa nyingine kuna ganzi na uchungu mahali pamoja, jambo linalowafanya wasikilizaji wadhani anatunga.

Sababu zake tunaishi nazo kila siku. Kisukari kinaongoza, na huanzia vidoleni mwa miguu. Mkanda wa jeshi ukishapona ngozi, huweza kuacha neva zikiwaka kwa miezi. Virusi vya UKIMWI huumiza neva, na stavudine, moja ya dawa za zamani za kuvipunguza nguvu, iliziumiza zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe taratibu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupunguza vitamini B6, kwa hiyo mgonjwa hupewa vidonge vya vitamini hiyo pamoja nayo. Metfomini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, huweza kushusha vitamini B12. Pombe nyingi huharibu neva. Diski ya uti wa mgongo ikisukumwa hubana neva ya mguu.

Kisha kuna kazi yenyewe. Tabaka, wanaume hulikata jiwe kwa panga na kulichonga kwa patasi na kisu, na mara nyingi wanawake ndio wanaosugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji hadi viteleze. Kiganja kinabana, kifundo kinapinda, siku nzima. Neva inayopita kwenye mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono inabanwa. Dalili ya kwanza huja usiku: kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, na mtu anaamka akikung'uta mkono. Akisubiri mpaka aanze kudondosha kisu, nyama ya kiganja itakuwa imeshaanza kusinyaa. Kifundo kikifungwa kikae kimenyooka usiku, na kazi ya kusugua ikipokezanwa, wengi hupata nafuu. Wasiopata wana upasuaji mdogo unaoachilia neva ile.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni hili: dawa za kawaida za maumivu, parasetamoli na ibuprofeni, hazisaidii sana neva zilizoumia. Zinazosaidia ni nyingine, kama amitriptilini, gabapentini au pregabalini. Amitriptilini ilitengenezwa kwa ajili ya sonona. Mgonjwa akisoma karatasi yake anadhani daktari amemwona mwendawazimu, anaitupa. Asiitupe. Kwa dozi ndogo ya usiku inatuliza neva na pia hupunguza mashambulio ya kipandauso, na ndiyo maana inawafaa sana wenye yote mawili. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Mwanzoni hukausha mdomo na kuleta usingizi, hivyo mwendesha bodaboda aianze siku asizoendesha.

Dawa ya mapema, na kwa hesabu

Mtu akiumwa kichwa huku kwetu, fikira ya kwanza ni malaria, ya pili taifodi, ya tatu presha. Zote zinastahili kupimwa. Zisitibiwe kwa kubahatisha. Aliyekunywa dawa za malaria mara tatu mwaka huu bila kipimo hata kimoja, na kichwa kinarudi vile vile kila mwezi karibu na hedhi, amuulize daktari kuhusu kipandauso.

Kwa shambulio lenyewe, kanuni ni kuwahi. Aspirini au ibuprofeni kwa kipimo kamili, dalili zinapoanza tu, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika ikihitajika, hufanya kazi kuliko vidonge vingi vya jioni. Kuna pia kundi la dawa za triptani, ambazo asiyefaa kuzitumia ni mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu naye aulize kabla ya kununua ibuprofeni au diklofenaki.

Lakini kuwahi kuna mpaka wake. Dawa za maumivu zikitumiwa mara nyingi zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Kwa dawa za kawaida mpaka ni siku 15 kwa mwezi. Kwa triptani, kwa dawa za jamii ya afyuni kama kodeini, na kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwemo vile vyenye kafeini vinavyouzwa kila duka, ni siku 10. Anayefikia hapo kwa miezi mitatu na zaidi huingia kwenye mzunguko: anakunywa kwa sababu kinauma, na kinauma kwa sababu anakunywa. Kutoka humo kunataka kuacha, na siku za mwanzo huwa ngumu. Ni vizuri ziangukie likizo ya shule au majira ambayo chai ni haba.

Anayeshambuliwa mara kwa mara apewe kinga ya kila siku. Propranololi ni rahisi na inapatikana, ila haimfai mwenye pumu. Valproeti isipewe mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa huumiza mtoto tumboni. Na mwanamke anayepata ile dalili ya mwanga asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana vinaongeza hatari ya kiharusi. Njia nyingine zipo, kliniki itamwelekeza.

Kuipanga siku

Daftari dogo linatosha. Andika tarehe, saa, ulikula lini, ulilala saa ngapi, hedhi, dawa uliyomeza. Baada ya miezi miwili au mitatu sura ya ugonjwa wako itajitokeza, na daktari wa zahanati au wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ataweza kukusaidia kwa dakika chache alizo nazo. Daftari hilo hilo ndilo ushahidi wako kazini.

Mchuma chai ale kitu kabla ya kutoka, hata ndizi na uji baridi, abebe maji, avae kofia yenye ukingo mpana, na dawa iwe mfukoni, si nyumbani. Mwalimu wa Nyanchwa aombe vipindi vyake vigumu viwe asubuhi kama mashambulio yake ni ya alasiri, asimame mbali na dirisha linalopigwa na jua, na awe na kazi ya kuandika ambayo darasa linaweza kuifanya kimya siku sauti inapomkataa. Mchongaji abadilishe mkao kila baada ya muda, kazi ya nguvu ifuatwe na kazi nyepesi. Mwenye nyayo zinazowaka avae viatu vilivyofungwa shambani na akague miguu kila jioni kwa mikono na macho, kwa sababu ganzi humficha mtu mwiba.

Usingizi na milo viwe kwa saa zile zile, hata Sabato na siku za mapumziko. Mwendo wa miguu wa kila siku husaidia, na milima yetu inautoa bure. Tena, siku nzuri isimdanganye mtu afanye kazi ya siku tatu kwa mara moja. Wengi wenye maumivu sugu hujimaliza hivyo: wanapata nafuu Jumatatu, wanafidia yote, wanalala hadi Alhamisi. Mwendo wa wastani uliogawanywa sawa huleta kilo nyingi zaidi mwishoni mwa mwezi.

Kusema, na kusikilizwa

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Kazini hufichuliwa na utoro. Mkubwa wa kazi anayeshtukizwa kila mara hujenga shaka, na shaka ikishajengeka ni vigumu kuing'oa. Kwa hiyo sema siku unapojisikia vizuri, kwa maneno machache na ombi mahususi: “Mwalimu Mkuu, nina ugonjwa wa kipandauso, natibiwa. Hunipata mara mbili hivi kwa mwezi. Kikianza, nikinywa dawa na kukaa mahali penye kivuli kwa saa moja, mara nyingi narudi darasani. Naomba nitumie ile stoo ya vitabu, na mwenzangu atanishikia kipindi. Nami nitamshikia chake.” Ombi la namna hiyo lina mwanzo na mwisho. Kiongozi anajua anaombwa nini.

Sheria ya Kenya iko upande wako kwa kiasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa zenye mshahara kamili na siku 7 nyingine zenye nusu mshahara, katika kila miezi 12. Anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo na kuleta cheti cha daktari. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na Katiba ya 2010 inautaja ulemavu miongoni mwa misingi ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Siku 14 ni chache kwa ugonjwa wa miaka, na kibarua wa siku hata hizo hazipati kirahisi. Ndiyo sababu mapatano ya shule moja, kituo kimoja cha chai au kikundi kimoja cha wachongaji yana uzito kuliko yanavyodhaniwa: saa moja ya kivuli, zamu ya kubadilishana, kikapu kinachomaliziwa na mwenzako leo na wewe unamalizia chake wiki ijayo.

Kuna maumivu yasiyongojea mpango wowote. Kichwa kilichopasuka kwa uchungu mkali ndani ya dakika moja; kichwa pamoja na homa na shingo ngumu; udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito; maumivu mapya baada ya miaka 50, au baada ya ajali, au wakati wa ujauzito na mara baada ya kujifungua. Kwa mgongo: ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi.

Kwa wenye kuajiri nina neno la mwisho. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hamtaweza kuyaona maumivu ya mfanyakazi wenu hata mkimkodolea macho. Hamhitaji kuyaona. Wazee wa Gusii hawakuwa na mashine, na bado walijua kwamba mtu anayesema kichwa kinamuuma kwa miezi anastahili kufanyiwa jambo kubwa. Ninyi mnaombwa jambo dogo kuliko lao: mumwamini, mumwulize anahitaji nini ili kazi iende, mwandike makubaliano, myapitie tena baada ya miezi mitatu. Mwalimu aliyepewa saa moja ya giza atafundisha saa zilizobaki. Aliyenyimwa atafundisha zote akiwa nusu mtu, kisha ataacha, na mtamtafuta mwingine ambaye huenda naye ana kichwa kinachouma.